Sahani ya Hamsini na Sita

Niseme mapema, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo: nilishapima chumba cha mama mkwe wangu kwa futikamba. Nilikipima siku aliyopelekwa kliniki ya macho, nikaandika vipimo nyuma ya kalenda, nikajua kabisa cherehani yangu itakaa dirishani na kabati la vitambaa litakaa pale kilipo kitanda chake. Mwenyewe alikuwa hajaondoka. Alikuwa hata hajakubali kuondoka. Lakini shemeji yangu, mwanawe mdogo aliyeko Uingereza, alikuwa ameanza kupiga simu kila Jumapili kumbembeleza akaishi naye, na dalili ya mvua ni mawingu. Nikajipanga.

Miaka thelathini na moja tumepika jiko moja, mimi na yeye. Anayejua maana ya maneno hayo hahitaji maelezo, na asiyejua bado hajaolewa. Kwetu kitunguu hakiingii ndani, kitunguu saumu ndiyo usikitaje kabisa, na kifuniko cha sufuria ukikiweka upande usio wake, anakuja anakigeuza bila kusema neno. Hilo la bila kusema neno ndilo lililokuwa linaniua. Mume wangu ni mtu mwema, ila kukiwa na harufu ya ugomvi hukumbuka kuna mzigo unaingia dukani.

Sisi ni Wahindu wa Morogoro. Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa, nimesoma shule ya Kilakala. Nikisali nasali kwa Kigujarati, nikikasirika naikasirikia dunia kwa Kiswahili, maana ndicho kinachotosha. Hekalu letu lilijengwa na babu zetu waliofuata reli na maduka. Enzi hizo walikuwa wengi, hata barazani wakajenga shelfu za viatu kutoka chini mpaka karibu na dari. Siku hizi viatu vyetu vyote vinaenea shelfu moja, tena ya katikati, kwa sababu ya migongo. Watu wa mjini wengine huliita kanisa la Wahindi, wengine msikiti wa Wahindi, nasi tunaitika kote kuwili.

Lakini ukitaka kujua taabu ya kuwa wachache, usihesabu viatu. Njoo siku ya Annakut.

Annakut ni kesho yake ya Diwali, siku tunayoanza mwaka wetu mpya. Siku hiyo tunampelekea Mungu mlima wa chakula, kukumbuka mlima aliounyanyua kwa kidole cha mwisho akawakinga watu na mvua. Nilipokuwa mdogo niliamini mlima wenyewe ni Uluguru, maana ndio pekee niliokuwa naujua na mvua ilikuwa ni ileile. Chakula lazima kifike sahani hamsini na sita, kila moja na kitu chake. Sahani mbili za kitu kimoja zinahesabiwa moja. Mpishi awe ameoga, jikoni asiingie na viatu, kitunguu hapana, na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba hakuna kuonja. Wa kwanza kuonja ni Mungu. Ukishaugusisha ulimi wako kwenye chakula, hiyo siyo sadaka tena, umempelekea makombo.

Zamani kila nyumba ilileta sahani mbili tatu, tena kwa mashindano. Mwaka ninaousimulia, ambao siyo wa mbali, tulikuwa tumebaki nyumba tano. Mwepesi wa hesabu ameshaona: kumi na moja kila nyumba, inabaki moja, na hiyo moja mama mkwe aliichukua yeye. Nyumba ya kwanza ni sisi. Ya pili na ya tatu ni ndugu wawili wenye maduka ya vitambaa, ambao hawasemezani, na wake zao kila mwaka walikuwa wakipika vitu vilevile kwa kukomoana, mpaka mama mkwe akaanza kuwaandikia orodha. Ya nne ni daktari wa meno mstaafu, mgane, aliyeng'oa meno ya nusu ya mji huu, na ambaye laddu zake, madonge matamu magumu kama mawe, zinaendeleza kazi. Ya tano ni kijana mhandisi, mgeni kutoka India, yuko kwenye mradi kule Ngerengere, na anachojua kupika ni tambi za pakiti. Huyo aliruhusiwa matunda. Alileta aina kumi na moja, mengine kayanunua njiani Mikese, na kwa heshima kubwa akawa ameyaosha yote kwa sabuni, pamoja na ndizi.

Mama mkwe ndiye alikuwa jemadari, na cheo chake kilitokana na chumvi. Sisi wengine, kwa kupika bila kuonja, kila mwaka tulitoa chakula kimoja cha maji ya bahari na kingine cha mgonjwa. Yeye hakuwahi kukosea. Watu walitoka Dar kuja kula dengu zake, wakasema mkono wa mama huyu unajua chumvi wenyewe, umebarikiwa. Saa ya kutia chumvi ilipofika alitutoa wote jikoni. "Tokeni, na mfunge mlango," alikuwa akisema. "Chumvi inataka utulivu." Nasi tulisimama nje kwa adabu, maana humo ndani palikuwa na baraka inateremka. Sasa bishana na mtu wa namna hiyo kuhusu kifuniko cha sufuria. Utabishanaje na mtu ambaye Mungu mwenyewe anamshika mkono?

Jumapili moja kabla ya Diwali shemeji alipiga simu, ikawekwa sauti kubwa mezani.

"Mama, hapo mmebaki wangapi?" akauliza. "Hekalu la huku lina maegesho ya magari mia."

Mama mkwe akamaliza kwanza kumenya njegere aliyokuwa nayo mkononi. Kisha akasema, "Sikiliza. Mwaka ambao Mungu wa hapa atakosa sahani, hata moja, mwaka huo nikatie tiketi. Itakuwa ameniambia mwenyewe kwamba kazi yangu imekwisha."

"Umesema wewe, mama," akajibu shemeji, kwa haraka ya mtu aliyepata bei nzuri.

Nikaenda jikoni nikasimama tu, sina ninachofanya. Nilikuwa na furaha. Nasema kweli, nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya kitunguu kinakaangwa.

Asubuhi ya Annakut milima ilikuwa imejifunika, na manyunyu yanapita juu ya mabati ya jiko la nyuma ya hekalu. Tulianza kabla hakujapambazuka. Ilipofika zamu ya chumvi mama mkwe akatutoa nje kama kawaida, mlango ukafungwa. Mimi nikaenda upande wa bombani kuosha masufuria, na pale bombani kuna dirisha. Sikuwa nachungulia. Dirisha lilikuwa mbele ya macho yangu, nifanyeje?

Alinipa mgongo, lakini mkono na kopo la chumvi nilikuwa naviona. Akatia chumvi kwenye dengu. Akainama juu ya sufuria kidogo, kama anayesali. Akatia tena, kiasi kilekile. Akainama, akasimama muda, halafu akatia mara ya tatu. Akahamia kwenye viazi, ikawa vilevile.

Nilibaki na sufuria mkononi, maji yanamwagika. Nilidhani kumwona anapoteza hesabu ya chumvi kungenifurahisha, maana ni miaka thelathini na moja nimemngoja akosee kitu. Badala yake niliogopa. Niliogopa kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani na kukuta imepungua moja. Nikaendelea kusugua sufuria ambalo lilishatakata.

Saa nne na nusu tukaanza kupanga. Pazia mbele ya Mungu hufunguliwa saa sita kamili, na sahani zote ziwe zimeshakaa. Wake wa wale ndugu walileta zao, kila mmoja akipita upande wake wa mlango. Kijana akapanga matunda yake, yananukia vizuri, kidogo kama nguo zilizofuliwa. Daktari wa meno akaleta sahani kumi.

"Ya kumi na moja?" akauliza mama mkwe.

Daktari akatazama chini. "Barfi, ile halwa ya maziwa, imegoma kutoka kwenye trei, mama. Imeshika kama saruji. Nimejaribu mpaka kwa zana."

"Zana gani?"

"Zile za kazini."

Hamsini na tano. Tukaanza kupekua jiko zima. Tango lilishakatwa, karoti zilishapikwa za sukari na za chumvi, wali ulikuwepo mweupe na wa njano. Kila kitu kilichokuwemo humo kilikuwa kimeshahesabiwa kwa sura moja au nyingine. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda chake. Hakumgombeza daktari, na hapo ndipo wote tulipoingiwa na wasiwasi. Akasema neno moja tu, "Basi," kwa sauti ndogo, akaanza kukunja ukingo wa sari yake.

Wakati huo ndipo mama mboga wetu alipoingia na tenga lake. Huyu mama ni Mluguru wa kijiji cha Choma, juu mlimani, Mkatoliki wa rozari shingoni, na amekuwa akituteremshia mboga tangu watoto wangu hawajazaliwa. Siku ya Annakut huleta maua, kisha hungoja kidogo ili apande mlima na fungu lake la chakula.

"Shikamoo, bibi," akamwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Umechelewa, na maua yamenyauka."

"Yalikuwa mazima, bibi. Yamenyauka yalipokuona."

Hivyo ndivyo wanavyozungumza hawa wawili. Wamegombania mafungu ya mchicha miaka yote hiyo, na siku mmoja akiugua mwingine hukosa raha. Safari hii lakini mama mkwe aliendelea tu kukunja sari yake. Mama mboga akanitazama, akataka kujua kuna msiba gani. Nikamweleza yote, pamoja na ile ahadi ya tiketi.

Akatua tenga. "Aende Ulaya? Halafu mimi nitabishana na nani?"

Ndani ya tenga, chini ya maua, niliona majani ya maboga yaliyokuwa yanakwenda sokoni. Nikamwuliza anayapikaje.

"Kwa karanga na tui. Unaanza na kitunguu..."

"Bila kitunguu."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Ni ya Mungu."

Akafikiri. "Mulungu wenu hali kitunguu? Basi asingeweza kupanda mlima wa kwetu."

Mama mkwe akainua kichwa. "Ameoga?" akaniuliza mimi, ingawa mwenyewe yuko pale.

"Nimeoga alfajiri, bibi, maji ya kijito," akajibu mama mboga. "Wewe umeoga ya moto."

Wale wake wa ndugu wakatazamana, jambo ambalo hawajalifanya miaka mingi. Nilijua wanawaza nini: hajawahi kupika humo asiye wa kwetu. Lakini mama mkwe akasema, "Majani yake Mungu ameyala miaka yote. Leo amjue na mkono. Apike. Ila asionje. Mwambieni asionje."

"Nimesikia. Mimi siyo kiziwi," akasema mama mboga, akavua kandambili.

Nimewaona wapishi wengi, lakini sijaona mwanamke anapika kama yule siku ile. Majani akayamenya nyuzi huku anazungumza, karanga akazitwanga, nazi ikakunwa na kukamuliwa, na mimi nipo pembeni nakaanga puri za mwisho, vile vichapati vidogo vya kuumuka. Tui lilipoanza kuchemka akakoroga mara mbili. Kisha akachota kwa mwiko, akadondoshea kiganjani, akalamba.

Hakushtuka. Hakujua hata kama amefanya kitu. Ulikuwa mkono tu, mkono uliopika tangu utoto na kila siku ukafanya vilevile. Akatikisa kichwa, akaongeza chumvi kidogo, akadondoshea tena kiganjani, akalamba, akaridhika.

Wengine wote walikuwa mbele, wanapanga. Aliyeona ni mimi peke yangu.

Sasa naomba unielewe. Ilitosha nifungue mdomo. Nisingesema uongo wala nisingemdhulumu mtu, ningetamka tu sheria aliyonifundisha yeye mwenyewe mama mkwe. Sahani zingekuwa hamsini na tano, tiketi ingekatwa, cherehani ingekaa dirishani. Nilifika mpaka mlangoni na maneno yakiwa mdomoni.

Toka pale mlangoni nikamwona mama mkwe. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mlima wake wa chakula, na amesogeza sahani huku na huku mpaka amepata nafasi moja, ndogo, ya kutosha bakuli moja tu. Alikuwa anaifuta ile nafasi kwa ncha ya sari. Aliifuta, akaitazama, akaifuta tena.

Nikarudi jikoni. Nikapakua yale majani kwenye bakuli la shaba, nikayafunika, nikayapeleka mwenyewe. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo: ukitaka kunihukumu nihukumu, lakini kula kwanza.

Daktari wa meno akahesabu kwa sauti, akapata hamsini na tano. Akahesabu tena, ikaonekana ameruka achari ya embe kwa kuwa ilimkumbusha marehemu mkewe. Hamsini na sita. Pazia likafunguliwa, kengele ikapigwa, taa zikazungushwa, na nje manyunyu yakageuka mvua kamili, tukaimba kwa nguvu kuyashinda mabati. Mama mboga alisimama nyuma na rozari yake, akapiga makofi pale tulipopiga.

Halafu tukaketi kula, na hapo ndipo ukweli ulipojitokeza.

Chakula kilichokwisha kubarikiwa hakisemwi vibaya. Unakula, unashukuru. Kwa hiyo tulikula dengu za mama mkwe tukashukuru, macho yakitutoka. Kijana mhandisi alishukuru huku anatafuta maji. Viazi vilikuwa vilevile. Maharagwe yangu mimi yalikuwa hayana chumvi hata punje, tukagundua kwamba ukiyachanganya na dengu yanalika, watu wakachanganya kimyakimya. Lakini bakuli la shaba lilipita mara moja tu. Wale ndugu wasiosemezana walilivuta kila mmoja upande wake, mkubwa akamwambia mdogo, "Niachie kidogo." Ni maneno yao ya kwanza tangu wagombanie mirathi. Daktari akalipangusa kwa kipande cha puri mpaka shaba ikang'aa.

Mama mkwe alikuwa amekaa mwisho wa safu, anatazama sahani moja baada ya nyingine, ana utulivu ambao haukunipendeza.

Wageni walipoanza kuvaa viatu na mama mboga kufunga fungu lake, akaniita jikoni.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Ameonja, siyo?"

"Nani, mama?"

"Usinizunguke. Sahani hamsini na tano zimebaki, moja imekombwa. Chumvi ile haiji kwa sala."

Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Mara mbili," nikasema. "Hakukusudia. Niliona, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Nilingoja aseme kuhusu tiketi. Akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, nikamkimbilia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Na mimi unadhani nilikuwa naipataje, miaka yote?" akasema.

Sikuelewa. Halafu nikaelewa: ule mlango uliofungwa, ule utulivu uliotakiwa na chumvi, kule kuinama juu ya sufuria. Na sisi nje tumesimama kwa adabu tunangoja baraka iteremke. Kwa hesabu hiyo Mungu wetu hajawahi kupata hamsini na sita tangu niolewe. Nilikasirika, nikataka kumkumbusha kila kifuniko alichowahi kukigeuza, na ningemkumbusha, kama kicheko chake kisingekatika ghafla.

"Na leo nimeonja," akasema. Alikuwa anatazama sufuria la dengu. "Nimeonja mara tatu. Ulimi haukunijibu."

Niliumia. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Nilimsogelea nikamshika mkono, jambo ambalo hatukuzoea, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tukakaa hivyo.

Simu yake ikalia. Akaitoa kwenye sari, akaisogeza mbali na macho, akaona ni Uingereza. "Hamsini na sita," akasema, hata salamu hakuitoa. "Ndiyo. Zote. Hesabu muulize daktari. Hayo maegesho waegeshe wengine." Akakata.

Akainuka, akakuta kifuniko cha dengu nimekiweka upande usio wake, akakigeuza.

"Mwakani utanionjea wewe," akaniambia.

"Mama, hairuhusiwi."

"Ndiyo maana jiko lina mlango," akasema.